Nakala na Amana: Historia ya Kupeleka Data Mtandaoni bila Kunakili

Mtu akimpa mwenzake nakala ya waraka, naye akabaki na waraka wenyewe, kila mmoja wao huwa huru. Mwenye waraka aweza kuufuta, kuusahihisha au kuuchoma moto, na mwenye nakala asidhurike. Lakini akimpa waraka wenyewe ili autumie kisha aurudishe, papo hapo huzaliwa maswali ambayo hayakuwapo: utarudi lini, nani asiuguse ungali ugenini, na nani atakayejibu ukiharibika. Nakala ina gharama. Amana ina wajibu. Tofauti hii, ambayo kila karani na kila mfanyabiashara aifahamu, ndiyo iliyotawala kwa zaidi ya miaka 30 jitihada za wajenzi wa mifumo ya kompyuta waliotaka kupeleka data mtandaoni bila kuinakili. Wengi wao walianza kwa kuiona nakala kuwa upotevu wa nguvu. Waliofaulu ni wale waliotambua kuwa nakala ilikuwa mkataba, na kwamba aondoaye mkataba hana budi kuandika mwingine.

Yafaa kwanza ifahamike kazi yenyewe. Mfumo wa uendeshaji ni programu kuu isimamiayo programu nyingine zote za kompyuta, na sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kerneli, yaani kiini. Kerneli ndiyo yenye mamlaka juu ya kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao. Programu za kawaida hukaa nje ya mpaka wake. Kila moja ina eneo lake la kumbukumbu, wala haiwezi kuigusa kadi ya mtandao ila kwa kuiomba kerneli. Ombi hilo huitwa mwito wa mfumo. Programu ikitaka kupeleka habari kwa kompyuta ya mbali, hutumia mwito wa kutuma, ikaonyesha mahali ilipo data na wingi wa baiti zake. Kerneli huinakili data ile kutoka kumbukumbu ya programu hadi kumbukumbu yake yenyewe, kisha hurudisha jibu. Tangu hapo programu yaweza kuandika jambo jingine mahali palepale, maana iliyo safarini ni nakala, si asili.

Desturi hii ilipata umbo lake mashuhuri mwaka 1983, wakati Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipotoa toleo la Unix liitwalo 4.2BSD. Ndani ya toleo hilo mlikuwa na soketi, mlango ambao programu hupitishia maneno yake kwenda mtandaoni, na mlango huo umeigwa na karibu kila mfumo uliofuata. Mwaka huohuo, tarehe 1 Januari, mtandao wa ARPANET wa Marekani ulikuwa umehamia katika kanuni za TCP/IP, ambazo hata leo ndizo msingi wa intaneti. Kanuni ya TCP huahidi kwamba kila baiti itafika, na itafika kwa utaratibu. Ahadi hiyo haitimizwi bila subira: pakiti hupotea njiani, na mpelekaji hana budi kuituma tena mpaka mpokeaji akiri kuwa ameipata. Kwa hiyo kerneli lazima iitunze data kwa muda usiojulikana mapema, labda sehemu elfu ya sekunde, labda sekunde kadhaa, na katika muda huo isibadilike hata baiti moja. Nakala ilitimiza sharti hili bila maneno mengi. Kerneli ilitunza yake, programu ikaendelea na yake, wala hapakuwa na haja ya kuulizana.

Ethernet ya siku zile ilikwenda kwa megabiti 10 kwa sekunde, na watu wengi walidhani kuwa uzito wa mawasiliano u katika kanuni za TCP zenyewe. Walisema kanuni hizo ni ngumu mno, na kwamba dawa ni kuziacha au kuzihamishia katika mitambo maalumu. Mwaka 1989 David Clark, Van Jacobson na wenzao wawili walichapisha uchunguzi uliobadili fikira hiyo. Walipohesabu kazi ya prosesa hatua kwa hatua, waliona kuwa kuishughulikia pakiti moja kwa kanuni za TCP kwataka maagizo mia chache tu. Mzigo mkubwa ulikuwa kwingine: katika shughuli za mfumo wa uendeshaji, na katika kuigusa data yenyewe, yaani kuisoma kumbukumbuni, kuihamisha na kuihesabu. Basi mshitakiwa aliyekuwa kizimbani alionekana hana hatia, na macho yakamgeukia mwingine aliyekuwa amekaa kimya pembeni. Huyo alikuwa nakala.

Mfano mmoja watosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Seva ya wavuti imeombwa picha iliyomo katika diski. Kwa njia ya kawaida picha husafiri mara 4 kabla ya kutoka nje. Kwanza, mtambo wa diski huimwaga katika kumbukumbu ya kerneli. Pili, prosesa huinakili kutoka kerneli hadi kumbukumbu ya seva. Tatu, prosesa hiyohiyo huinakili tena kutoka seva hadi kumbukumbu ya kerneli iliyo upande wa mtandao. Nne, kadi ya mtandao huichukua na kuitoa. Safari ya kwanza na ya nne hufanywa na mitambo yenyewe, wala hazimchoshi prosesa. Safari ya pili na ya tatu ni zake, na jambo la kustaajabisha ni kwamba seva haikuitazama picha ile hata kidogo. Iliipokea kwa mkono mmoja ikaikabidhi kwa mkono mwingine. Kadiri mitandao ilivyoongeza mbio, ikafika megabiti 100 mwaka 1995, gigabiti 1 mwaka 1998 na gigabiti 10 mwaka 2002, ilhali mwendo wa kumbukumbu haukukua kwa kadiri ya mwendo wa prosesa, safari hizi mbili zilizidi kuwa mzigo.

Hata hivyo, palikuwa na kizuizi kilichofanya nakala isionekane kuwa bure kabisa. Kila pakiti ya TCP hubeba tarakimu ya uhakiki, ambayo ni jumla iliyopatikana kwa kuhesabu baiti zote zilizomo, ili mpokeaji aweze kutambua kama kimeharibika kitu njiani. Ili kuipata jumla hiyo hapana budi prosesa isome kila baiti. Ikiwa ni lazima kusoma, basi kunakili katika usomaji uleule huongeza gharama kidogo tu, na wajenzi hodari waliziunganisha kazi hizo mbili katika mzunguko mmoja. Kwa hiyo kuiondoa nakala peke yake, huku hesabu ikibaki, kulileta faida haba. Mlango haukufunguka mpaka kadi za mtandao zilipopata uwezo wa namna mbili: kuifanya hesabu ile zenyewe wakati pakiti ikitoka, na kukusanya pakiti moja kutoka mahali mbalimbali pa kumbukumbu, kichwa chake kikiwa hapa na mwili wake ukiwa kule. Ni desturi ya mambo ya ufundi kwamba wazo huweza kungoja miaka mingi mlangoni mpaka chombo kiundwe.

Wakati wa kungoja haukupotea bure. Watafiti walijaribu njia ya kwanza, ambayo yaweza kuitwa njia ya hila, kwa sababu ilikusudia kuiondoa nakala bila programu kujua. Msingi wake ulikuwa kurasa za kumbukumbu. Kumbukumbu ya kompyuta hugawanywa katika kurasa, ambazo katika mitambo mingi huwa za baiti 4096, na kerneli huweka jedwali linaloeleza ukurasa upi ni wa programu ipi. Badala ya kunakili, kerneli yaweza kuushika ukurasa wa programu kama ulivyo, na kuuwekea alama kwamba ni wa kusomwa tu. Programu ikinyamaza, ukurasa hutumwa na nakala imeepukwa. Programu ikijaribu kuandika, mtambo huikamata, na hapo kerneli hutengeneza nakala kwa dharura. Maarifa haya ya kuahirisha nakala yalikuzwa sana katika mfumo wa Mach uliojengwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon katika miaka ya 1980. Mwaka 1993 Peter Druschel na Larry Peterson wa Chuo Kikuu cha Arizona walieleza mpango wao wa fbufs, ambamo maeneo maalumu ya kumbukumbu yalishirikiwa na pande zote za mpaka. Mwaka 1996 Jerry Chu alieleza jinsi mfumo wa Solaris ulivyounganisha mabadiliko ya majedwali ya kurasa na kadi iliyoweza kufanya hesabu ya uhakiki. Na mwaka 2002 mfumo wa FreeBSD ukapokea kazi ya namna hii, iliyoandikwa kwanza na Andrew Gallatin na kuendelezwa na Kenneth Merry.

Uzuri wa njia ya hila ulikuwa dhahiri: programu za zamani hazikuhitaji kubadilishwa hata neno. Lakini kasoro yake ilikuwa ndani ya uzuri huohuo. Programu ambayo haikuambiwa kitu haikuwa na sababu ya kujizuia kuandika. Seva nyingi hutumia eneo lilelile la kumbukumbu tena na tena. Mara tu mwito ukirudi, huanza kulijaza data mpya. Katika hali hiyo kila kutuma kulizaa mkamato, na kila mkamato ukazaa nakala, tena nakala iliyotanguliwa na gharama ya mkamato wenyewe. Kukopa arusi, kulipa matanga. Zaidi ya hayo, data haikulingana na kurasa kila mara, na jedwali la kurasa halibadilishwi bure. Prosesa huweka akiba ndogo ya anwani ilizokwisha kuzitafuta. Jedwali likibadilika, akiba hiyo lazima ifutwe, na katika kompyuta yenye prosesa nyingi kila moja hukatizwa kazi yake ili ifute ya kwake.

Mwaka 2006 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alishambulia njia hii kwa maneno makali, akiutaja mfumo wa Mach na ule wa FreeBSD. Hoja yake, ukiondoa ukali wake, ilikuwa ya hesabu: gharama ya kuchezea majedwali ya kurasa, pamoja na ile ya mikamato ijayo baadaye, hufikia au hupita gharama ya nakala iliyokusudiwa kuepukwa, na faida huonekana zaidi katika majaribio kuliko katika kazi halisi. Si wote waliokubali ukali ule, lakini miaka ilitoa hukumu iliyoelekea upande wake. Katika miaka ya 2010 FreeBSD iliiondoa sehemu ile katika kerneli yake. Yafaa kuangalia kwa makini ni nini kilichoshindwa. Kutuma bila nakala hakukushindwa. Kilichoshindwa ni kuifanya amana kwa siri, pasipo mwenye mali kujua kuwa mali yake imeshikwa.

Wakati njia ya hila ikijadiliwa, njia ya pili ilikuwa ikistawi, nayo yaweza kuitwa njia ya mkato. Wafuasi wake waliuliza swali jepesi: ikiwa seva haiitazami picha, kwa nini picha ipitie kwake? Heri seva iiambie kerneli, "Chukua faili hii, itoe kwa soketi ile," kisha ikae pembeni. Katika miaka ya 1990 Windows NT ilikuwa na mwito wa namna hiyo uitwao TransmitFile, na HP-UX ikawa na wake uitwao sendfile. Jina hilo la pili ndilo lililoenea. FreeBSD iliupokea mwito wa sendfile katika toleo lake la 3.0 la mwaka 1998, na Linux katika toleo la 2.2 la mwaka 1999. Mwanzoni sendfile ya Linux iliondoa nakala moja tu kati ya mbili. Mwaka 2001, katika mfululizo wa matoleo ya 2.4, kazi ya David Miller na Alexey Kuznetsov iliwezesha kadi yenye nguvu za kukusanya na kuhesabu kuichukua data moja kwa moja katika kurasa za faili zilizomo kerneli. Nakala ya pili nayo ikaondoka, na prosesa haikuigusa picha tena.

Njia ya mkato ilifaulu kwa sababu iliondoa tatizo la mpaka kwa kutouvuka mpaka. Mali ilikuwa ya kerneli tangu mwanzo, na ikabaki ya kerneli hadi mwisho. Lakini hata hapa mkataba haukuwa mkamilifu. Mwito wa sendfile hurudi kabla kadi haijamaliza kazi. Mtu akiibadilisha faili katika kipindi hicho, mpokeaji aweza kupata maneno mapya mahali pa yale ya zamani, na tarakimu ya uhakiki isiseme neno, kwa kuwa kadi iliihesabu juu ya maneno yaliyokuwapo dakika ya kutoka. Maelezo rasmi ya mwito huu katika Linux huwaonya watumiaji kuiacha faili bila kuibadilisha mpaka upande wa pili umeipokea. Lakini mwito wenyewe hauwaambii ni lini saa hiyo imefika. Na upungufu mwingine ulikuwa mkubwa zaidi: sendfile hufaa faili tu. Programu iliyotunga maneno yake yenyewe kumbukumbuni, kama jibu la swali lililoulizwa dakika ileile, haikuwa na faili ya kuonyesha. Mwaka 2006 Jens Axboe aliiongezea Linux miito ya splice na vmsplice, kwa kufuata wazo ambalo Larry McVoy alikuwa amelieleza miaka ya nyuma, ili data ipitishwe kwa bomba la kerneli bila kunakiliwa. Njia zikaongezeka, swali la lini mwenye mali arudishiwe mali yake likabaki.

Swali hilo lilipata jibu la wazi katika njia ya tatu, ambayo ni njia ya daftari. Mwaka 2017 Willem de Bruijn, mhandisi wa Google, alileta katika Linux alama iitwayo MSG_ZEROCOPY, nayo ikaingia katika toleo la 4.14 lililotoka Novemba mwaka huo. Programu iitumiayo alama hii katika mwito wa kutuma hukubali sharti jipya. Kerneli hainakili; huzishika kurasa za programu zisihamishwe, na huikabidhi kadi anwani zake. Jedwali la kurasa halibadilishwi, wala kurasa haziwekewi ulinzi. Programu yaweza kuandika juu yake ikitaka, lakini imekwisha kuambiwa isifanye hivyo, na ikivunja ahadi itaharibu ujumbe wake yenyewe. Hapa ndipo ilipo tofauti na njia ya hila: badala ya mlinzi wa siri kuna neno la wazi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na waliobuni alama hii waliandika daftari. Kila mwito wa kutuma wa namna hii hupewa namba kwa kufuatana. Kazi ikiisha, yaani kwa TCP mpokeaji akiisha kukiri kwamba amezipata baiti zote, kerneli huweka taarifa katika foleni ya makosa ya soketi, mahali ambapo zamani palikuwa pa habari mbaya tu, ikisema kuwa amana za namba fulani hadi namba fulani zimerudi. Programu husoma taarifa hiyo, na hapo ndipo iwezapo kulitumia tena eneo lake. Kiasi cha kumbukumbu kinachoweza kushikwa kina mpaka wake. Ukipitwa, mwito hukataliwa. Na kwa kuwa kerneli ilikuwa na desturi ya kupuuza alama isizozijua, palikuwa na hofu kwamba programu ya zamani yaweza kuwa inapeleka alama hiyo kwa bahati mbaya, ikajikuta imeingia mkataba isioujua. Kwa hiyo programu hulazimishwa kwanza kutangaza nia yake juu ya soketi, ndipo alama itambuliwe. Haikubaliki mtu awekeshe amana kwa kuteleza ulimi.

Daftari lina gharama yake, na waliolileta hawakuificha. Kuzishika kurasa, kuziachilia na kuandika taarifa ni kazi, na kwa ujumbe mdogo kazi hiyo hupita ile ya kunakili. Maelezo ya Linux yasema kuwa faida huanza kuonekana kwa maandiko yapitayo baiti 10,000 hivi. Katika jaribio la kutuma tu, pasipo kazi nyingine, palionekana nafuu iliyofika asilimia 39. Katika kazi halisi za kila siku nafuu ilikuwa asilimia 5 hadi 8. Tarakimu hizi mbili zikiwekwa pamoja hufundisha mengi. Ya kwanza ni ya uwanja wa mashindano; ya pili ni ya sokoni. Lakini asilimia 5 katika jengo lenye maelfu ya kompyuta si kitu cha kudharauliwa.

Kuna kifungu kimoja katika mpango huu kinachostahili kutazamwa peke yake. Ujumbe ukielekezwa kwa programu nyingine iliyo katika kompyuta ileile, kerneli hurudi kwenye desturi ya zamani, ikanakili. Sababu si ufundi bali ni uaminifu. Kadi ya mtandao huimaliza kazi yake, na TCP ina kanuni za kungoja na kukata tamaa. Lakini programu jirani yaweza kuacha kusoma barua zake muda wote itakao, na kurasa za mwenzake zikabaki zimeshikwa bila kikomo. Mwenye mali angewekwa rehani kwa uvivu wa mwingine. Wajenzi waliona kuwa mahali ambapo muda wa kurudisha hauwezi kuahidiwa, amana haifai, na nakala ndiyo haki.

Kwamba maswali haya si ya karatasini tu, ulimwengu ulionyeshwa mwezi wa Machi, 2022. Mwandishi wa programu Max Kellermann alitangaza kosa katika kerneli ya Linux lililokuja kuitwa Dirty Pipe. Habari yake ilianzia katika jambo dogo: faili za daftari za seva za wavuti, zilizobanwa ili zisichukue nafasi, zilionekana mara chache kuwa zimeharibika, na uharibifu ulikuwa katika baiti 8 za mwisho tu. Alipofuatilia aligundua kuwa chanzo kilikuwa katika bomba la kerneli, lile ambalo splice hulipitishia kurasa bila kuzinakili. Kila ukurasa ulio bombani una alama zinazoeleza hali yake, na mojawapo yasema kuwa ni ruhusa kuongeza maneno mwishoni mwa ukurasa huo. Ukurasa wa faili ulipowekwa bombani, alama za aliyekaa mahali pale kabla yake hazikufutwa. Basi kerneli, ikidhani ukurasa ni wa bomba, iliandika maneno ya mtu mwingine juu ya faili isiyo yake. Hitilafu hiyo ilikuwamo tangu 2016, na badiliko jingine la mwaka 2020 likaifanya kuwa hatari kamili: mtumiaji wa kawaida aliweza kuibadilisha kumbukumbuni faili aliyoruhusiwa kuisoma tu, na kwa njia hiyo kujitwalia mamlaka yote ya kompyuta. Kosa lilisahihishwa kabla ya kutangazwa. Halikuwa katika mwito wa kutuma wenyewe, bali katika ndugu yake. Lakini ukoo ni mmoja. Kama maneno yale yangalinakiliwa, alama iliyosahaulika ingaliharibu nakala. Kwa kuwa yalikopeshwa, iliharibu asili.

Pamoja na hayo, njia ya daftari haikuachwa, bali ilizidi kunyoshwa. Mfumo wa io_uring, ambao Jens Axboe aliuingiza katika Linux mwaka 2019 ili programu ziagize kazi nyingi kwa pamoja na kupokea majibu baadaye, ulipata mwito wake wa kutuma bila nakala katika toleo la 6.0 la mwaka 2022, kwa kazi ya Pavel Begunkov. Agizo moja hujibiwa mara mbili: jibu la kwanza husema kutuma kumefaulu au kumeshindwa, na la pili husema eneo la kumbukumbu limerudi kwa mwenyewe. Katika soketi za mwaka 1983 mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja, na jibu moja liliyabeba yote. Yachukua karibu miaka 40 kuyatenganisha kwa uwazi kiasi hicho.

Siku hizi kuna kizuizi kipya kinachofanana na kile cha hesabu ya uhakiki. Sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti hufichwa kwa maandishi ya siri, na kuficha ni kuigusa kila baiti na kuiandika upya. Kama zamani, dawa ilitafutwa kwa kuisogeza kazi hiyo ndani ya kerneli, kisha ndani ya kadi yenyewe. Linux ilipata ufichaji wa ndani ya kerneli mwaka 2017. Mwaka 2021 Andrew Gallatin, yuleyule ambaye kazi yake ya kwanza katika FreeBSD ilikuja kuondolewa, alieleza jinsi seva moja ya filamu za Netflix, iliyotumia FreeBSD na mwito wa sendfile, ilivyokaribia kutoa gigabiti 400 kwa sekunde, huku kadi za mtandao zikifanya kazi ya kuficha. Mtu aliyejaribu njia ya hila alifika mbali zaidi kwa njia ya mkato, na mlango ulifunguliwa na chombo kilekile cha zamani, yaani kadi iliyojifunza kazi mpya.

Historia hii, basi, si ya watu waliogundua kuwa nakala ni kosa. Nakala ilikuwa jibu la busara kwa swali gumu la nani mwenye mali na kwa muda gani, na ubora wake ulikuwa katika kulijibu swali hilo kabla halijaulizwa. Kila aliyetaka kuiondoa alilazimika kulijibu swali upya: wa hila walimficha mwenye mali, wa mkato walimweka kando, na wa daftari walimwandikisha. Kila jibu lina mahali pake palipofaa na bei yake. Na ule mwito wa kutuma wa mwaka 1983 ungali hai. Katika Linux ya leo, programu isiyotangaza nia, isiyoweka alama na isiyosoma daftari lolote haikatazwi kitu: hupewa nakala yake, kisha ikaenda zake.